Mkono Ndani ya Shela

Saidi alinipigia simu nikiwa nakuna nazi, na mimi nikikuna nazi sisikii hata radi. Aliita mara tatu, au mara thelathini, ndipo nikapokea kwa kidole kimoja kilichokuwa kisafi. "Mama ametutoka," akasema. "Dada Rayya, njoo sasa hivi, usingoje mazishi. Wanakungoja wewe." Nikadhani ni adabu tu ya watu wa kule, ambao hata ukipita kwao kuulizia njia watakwambia nyumba nzima ilikuwa inakungoja. Niliiacha nazi kwenye mbuzi, nikavaa abaya nje ndani, nikatoka Ansab, hapa Maskati, kuelekea nyuma ya milima kwa mwendo ambao kamera za barabarani lazima zilinipiga picha za kutosha kujaza albamu ya harusi. Leo ni barabara ya saa moja na nusu, ina taa, ina vituo vya mafuta vyenye kahawa ya maziwa. Lakini mimi njia nzima nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa upande wa abiria katika pikapu ya Baba, pikapu kongwe kiasi kwamba nadhani Nabii Nuhu aliiona akaikataa, na Baba ananiuliza kwa mara ya mia: "Rayya, mama, chumba kile kikoje?"

Aliyekufa ni Bi Zuwena, dada wa baba yangu, baba mmoja mama mbalimbali. Sentensi fupi hivyo. Baba aliihangaikia mwaka mzima na hakuipata kinywani mwa mtu aliyestahili kuisema. Kule kijijini wanasema Bi Zuwena alifikisha miaka mia. Mimi nikisimulia huwa nasema mia na kumi na mbili, kwa sababu mimi huongeza. Naongeza chumvi, naongeza idadi, naongeza vicheko. Mara moja tu mwaka huo sikuongeza kitu, nikasema jambo kama lilivyokuwa, na ndilo lililotuvunja.

Ukoo wetu sitauandika hapa, utachosha. Inatosha kujua kwamba Babu aliondoka kijijini akiwa kijana, akaacha mke na kitoto cha kike, akaenda Unguja, akanyamaza. Hakuandika barua, hakutuma salamu kwa mtu. Kule Unguja alimwoa bibi yangu, akazaa, akazeeka, nami nikamkuta. Mwaka tuliohamia Maskati, mimi na Baba peke yetu maana mama yangu alikuwa amekwisha kufariki, Baba alikuwa na orodha ya mababu saba aliyoihifadhi kama sura ya Kurani, na maelezo ya nyumba moja: mfereji wa falaji unapita chini ya ukuta, mndimu uko mlangoni, na ndani kuna chumba chenye shubaka ukutani, na shubakani kuna sahani ya buluu. Alipata kazi ya kutunza ghala Rusayl. Tukapanga vyumba viwili Ansab, wakati huo Ansab ni mbuzi na mawe, na majirani wakituita Wazinjibari, wengine kwa mapenzi, wengine kwa namna ile ya kusema neno huku wanatazama pembeni. Mimi nikaandikishwa masomo ya jioni Ruwi, darasa la akina mama. Cheti chake mpaka leo kimetundikwa juu ya jokofu langu, na wageni hawanywi maji kabla hawajakisoma.

Nyumba tuliipata Ijumaa ya tatu. Baba aliingia kwenye duka pale karibu na msikiti, akamsalimu mzee mwenye duka, akaanza kutaja mababu, kuanzia Babu. Hakufika hata wa tatu. Mzee alimtazama pua. Ile pua ya kwetu si pua ya kuficha, unaweza kuanika kanzu juu yake ikakauka. "Naijua pua hiyo," mzee akasema, "lakini mwenye jina hilo alikufa. Kadhi alihukumu kuwa amekufa huko alikopotelea. Mkewe alikaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ile pale. Mimi nilikuwa mtoto, nilikula wali wa matanga yake, na mpaka leo sijala wali mtamu kama ule." Nilimfasiria Baba neno kwa neno, maana Kiarabu cha Baba kilikuwa cha msikitini: aliweza kumwomba Mungu mvua, hakuweza kuomba chumvi mezani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Walikula matanga ya mtu anayecheza bao kule Malindi, Unguja." Hakucheka. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikucheka vilevile.

Bi Zuwena alitupokea kama anavyopokewa mgeni, na mgeni kule haoni dhiki. Baba aliketishwa sebule ya wageni pamoja na Saidi, mwanawe Bi Zuwena, kijana mpole wa jeshi. Ikaja halwa, ikaja kahawa chungu ya kufufua maiti, likaja sinia la wali lenye mbuzi mzima, au nusu yake. Wakati wa kuagana Bi Zuwena alitoka mpaka mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu, pua ile ile, akatoa mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kwa pembe ya shela, kama wanawake wa makamo wa kule wanavyompa mkono mwanamume asiye wao. Baba aliushika ule mkono wa kitambaa. Ndani ya gari, tulipotoka milimani, akasema, "Ndugu hapewi mkono wa nguo, mwanangu. Sitaki kitu kingine katika dunia hii. Sitaki shamba, sitaki mtende, wala sitaki sehemu ya maji ya falaji. Nnataka dada yangu anipe mkono mtupu na anikaribishe ndani. Basi."

Tukawa tunakwenda kila mwezi. Mimi kwa kuwa ni mwanamke nikipelekwa ndani, na kule ndani ndiko kwenye kile chumba alichokuwa akikililia. Kilikuwa chumba cha udongo, chembamba, na dari ya magogo ya mtende yaliyogeuka meusi kwa moshi. Sakafuni mikeka miwili na godoro lililokunjwa. Dirisha dogo kwa chini, ukikaa unaona majani ya mndimu na unasikia maji yanapita chini ya ukuta kama mtu anayesoma uradi. Thuraya, mkewe Saidi, msichana wa rika langu, alikuwa akiniletea ndimu zilizokatwa na chumvi, akinitania, "Hebu sema tena neno lile la Kimisri," kwa sababu mwalimu wetu wa jioni alikuwa Mmisri na mimi niliongea kama redio ya Kairo. Shubaka lilikuwepo kweli, limekaliwa na redio na chupa ya dawa ya kikohozi. Sahani haikuwepo. Lakini tukirudi njiani Baba akiuliza, "Na sahani je?" na macho yake yakiacha barabara kabisa, pikapu inataka kuingia bondeni, nifanyeje? Nilimwambia ipo. Nikaipamba na ukingo wa dhahabu. Mwezi uliofuata nikaiongezea ufa mdogo ili iaminike. Alikuwa akitabasamu mpaka Ansab.

Na mzaha hakuuacha. Mara ya sita au ya tisa alinambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumefika mara ya tisa, hata kijiko cha kuosha hatujapewa. Huyu dada yangu ananikirimu mpaka ananiua." Nikamwambia, labda akimaliza mbuzi wote wa kijiji atatuita ndani kula mchicha. Akacheka akakohoa, akajishika kifua, akasema ni vumbi la ghala.

Mwezi uliofuata, tukiwa tunaaga, Bi Zuwena amekwisha kufunga mkono wake kwa shela, Baba hakuupokea. Alisimama pale mlangoni chini ya mndimu akanambia, "Mwambie nimefurahi kusikia ile sahani ya buluu bado iko shubakani." Nilihisi ardhi inanimeza viatu na soksi zake. Ningefasiri nini? Nikafasiri. Bi Zuwena aliuteremsha mkono. "Hakuna sahani," akasema. "Mama yangu aliivunja siku aliyotoka eda. Aliivunja hapo ulipokanyaga. Nani kamwambia mtu huyu habari ya sahani?" Nikafasiri. Baba akajibu, "Baba." Bi Zuwena akauliza, "Lini? Alikuwa na umri gani, huyu, alipoambiwa?" Hapo Baba alinitazama mimi, si yeye, tazamo refu, kisha akasema, "Mwambie nilikuwa mdogo sana. Mwambie alikufa nami bado mdogo, sura yake hata siikumbuki."

Ule ulikuwa uongo, na mimi ndiye niliyeugeuza ukawa Kiarabu. Babu alikufa Baba akiwa mtu mzima mwenye ndevu na mtoto. Lakini nilifasiri, kwa sauti safi, nahau zote mahali pake. Maji yakapita chini ya ukuta. "Basi sote wawili hatukumjua," akasema Bi Zuwena. Akaifungua ile pembe ya shela, akautoa mkono, mkono mwembamba wenye alama ya kuungua na mafuta karibu na kidole gumba, akampa Baba. Baba aliushika kwa mikono yake miwili. "Mwezi ujao," akasema Bi Zuwena, "uje ule ndani."

Njia nzima Baba alilia, mtu mzima, kanzu imelowa kana kwamba tumepita mvuani, na huko mvua ilikuwa haijanyesha tangu tuzaliwe. Tulipopita Rusayl alisimamisha gari pembeni. Alisema, "Sikiliza, Rayya. Mama yake Zuwena alimlilia mumewe, akakaa chumbani humo miezi minne na siku kumi, hapaki manukato, hatoki nje, kisha akazeeka mjane. Nikimwambia kuwa mtu huyo alikuwa mzima, anakula, anacheka, anapakata wajukuu, nitakuwa nimekwenda kaburini kumvua yule bibi sanda yake. Nafsi yangu nimeipa dhambi ya uongo mmoja. Ulimi wako huo, mwanangu, ufunge." Nikaapa. Niliapa kwa kila nilichokijua cha kuapia. Halafu nikamwuliza kuhusu sahani, kama amekasirika. Akasema, "Uongo wako ndio ulionifungulia mlango. Nikukasirikie?"

Mwezi ule wa kungoja ulikuwa mwezi wa furaha kuliko yote niliyowahi kuishi, na nimeishi mingi. Baba alishona kanzu mpya. Tulikwenda Bustan ufukweni siku moja ya mapumziko, tukanunua mishikaki, akanifundisha namna ya kusema mbele ya dada yake, kisha akasahau akaanza kujifundisha mwenyewe: "Dada yangu, dada yangu," kwa Kiarabu, akitazama bahari, mpaka mama mwuza mishikaki akafikiri anaitwa yeye. Darasani nilipata alama za juu katika insha. Insha yenyewe ilihusu mtu ninayempenda, nami niliandika habari za Babu kurasa nne. Mwalimu akalisomea darasa zima. Nilikuwa nimelewa Kiarabu, nakwambia. Nikilala naota kwa Kiarabu, nikipiga chafya napiga kwa Kiarabu.

Tukaingizwa ndani. Baba aliinama mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi. Alitazama dari, mikeka, dirisha la chini, akaenda kusimama mbele ya shubaka, akaiweka sawa ile redio kwa kidole kana kwamba ni yake. Saidi alikuwa kambini siku hiyo. Thuraya aliingia na kutoka na sinia: wali, papa mkavu wa kuchambuliwa, vitunguu na ndimu, chakula cha watu wa nyumbani. Hakukuwa na mbuzi. Baba aliona hakuna mbuzi akanikonyeza. Wakala sinia moja, kaka na dada, vidole vikikaribiana. Bi Zuwena alikuwa akimsogezea minofu upande wake bila kumtazama, kama unavyomfanyia mtoto. Alimwuliza, mimi nikifasiri, kama anapenda pilipili, kama ghala lina joto, nani anamfulia kanzu. Maswali madogo madogo. Sijapata kufasiri maneno matamu kama yale.

Kisha zikaja tende. Bi Zuwena alichukua moja, akaipasua kwa ukucha wa gumba, akatoa kokwa, akaibana ile tende ikawa bapa kama pesa, akaitia samli katikati, akaikunja, akanipa mimi. Nami kabla sijafikiri, kabla hata sijaiweka mdomoni, nikasema, kwa kile Kiarabu changu cha insha, bila kosa hata moja: "Hivi hivi ndivyo Babu alivyokuwa akinifanyia. Akinipakata, anatoa kokwa, anatia samli, anasema hii ya binti mfalme." Nikacheka. Nilikuwa nimefurahi mno.

Thuraya, aliyekuwa anamimina kahawa, aliacha kumimina. Bi Zuwena aliniuliza kwa upole kabisa, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Bado sikuelewa, Mungu anisamehe, nilidhani ananipenda tu. "Saba," nikasema. "Na sasa?" "Kumi na tisa." Niliona midomo yake inahesabu. Aliirudisha miaka yote nyuma mmoja mmoja, mpaka kwenye chumba kile kile, kwa mwanamke aliyekaa pale akilia. Baba hakuhitaji kufasiriwa. Alinitazama, na tangu siku hiyo nimetazamwa na watu wengi kwa hasira, nikastahimili. Tazamo lile halikuwa na hasira hata chembe. Alikuwa kama mtu aliyebeba kitu mbali sana, akakiona kinateleza pale mlangoni.

"Kuleni," akasema Bi Zuwena. "Mtuwie radhi, kahawa imechelewa." Yalikuwa maneno ya kuambiwa mgeni. Thuraya alitupeleka sebuleni tukanywa kahawa huko. Wakati wa kuaga Bi Zuwena alitoka mlangoni, adabu haikumpungua, akampa Baba mkono. Ulikuwa umefungwa.

Tulikwenda mara mbili tena. Mara zote mbili Thuraya alitwambia mama amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Baba hakunigombeza, laiti angenigombeza. Njiani akiniuliza tu, "Dirisha lile nililiona vizuri, eh? Liko chini chini," nami nikisema, ndiyo, Baba, liko chini. Kabla mwezi haujaisha, Jumatano moja baada ya alasiri, alianguka kati ya mabunda ya mizigo Rusayl na hakuinuka. Tulimzika Maskati. Saidi alikuja mazikoni, akasimama nyuma pamoja na watu wa ghala, akanikabidhi kapu la tende. "Mama anasema poleni," akasema. Watu husema vivyo hivyo kwa majirani.

Nimekwenda kwa Bi Zuwena kila Idi tangu hapo. Nimempelekea keki, nimempelekea wanangu, nimesimulia mambo ya kuchekesha jiwe, na alikuwa akicheka, akijifunika mdomo. Aliniita "binti yetu," kama wanavyoita kila binti. Jina la Baba halikutajwa. Tende zilikuja, na kila mtu akatoa kokwa zake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakupasua tende mbele yangu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu ningemwomba radhi ya nini? Ya kusema kweli?

Sasa nilifika, abaya yangu nje ndani, nikakuta ua umejaa wanawake na Thuraya amesimama mlangoni, mzee kama mimi, hanitanii. Nikaelekea walikokaa wageni wa mkono wa pole. Thuraya akanishika kiwiko. "Si huko," akasema. "Maji yako tayari tangu asubuhi, tumekungoja. Ameusia. Mwaka jana, alipougua, alimwita Saidi akamwambia: nikifa, nisioshwe na mtu yeyote mpaka aje binti wa kaka yangu."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kaka yangu. Nilitamani kumfasiria mtu neno hilo, na mtu huyo yuko makaburini Maskati kwa miaka arubaini.

Walikuwa wamemlaza katika chumba kile kile. Nyumba imejengwa upya kwa matofali lakini chumba hicho wamekiacha, dirisha chini, maji chini ya ukuta. Thuraya alinipa glavu, nikazivaa, tukaanza, maji ya mkunazi, kisha kafuri. Hakuwa mzito, sitaongeza hapa, alikuwa mwepesi kama nguo. Nilipofika mkono wa kulia nilivua glavu. Alama ya kuungua bado ilikuwepo pale karibu na kidole gumba. Niliuosha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha nikautia maji tena.

"Tatu zinatosha, Rayya," Thuraya akasema.

"Najua," nikamwambia. "Hii si yangu mimi, ni ya kaka yake."

Akanimiminia maji.